Niite Jina Utakalo

"Hapa, hapa! Panda ngazi, mwanangu, tutalowa chapachapa!"

Shinobu aliinua macho, akauona mlango, akasimama pale pale mvuani. Mji mzima wa Kanazawa, huko Japani, una migahawa kila kona, na shangazi yake alikuwa amechagua huu. Huu huu wa ghorofani, juu ya duka la baiskeli, wenye mlango wa kijani ambao mwenye mgahawa aliupaka rangi kwa mkono wake, na vibaya pia.

"Shangazi, twende ule wa karibu na daraja. Wana keki nzuri."

"Keki gani na mvua hii? Una nini wewe leo? Tangu dukani umenuna kama umelishwa ndimu!"

Amjibu nini? Amwambie kwamba tangu maua ya plamu yalipochanua mpaka sasa majani yamegeuka mekundu, amekuwa akizunguka mitaa miwili mizima ili asipite chini ya dirisha hili? Na hasa amwambie Shangazi Toyoko, dada wa baba yake, aliye pia mshenga wa posa yake? Walikuwa wanatoka kuchukua kimono, vazi lake la Jumapili. Jumapili hiyo watu wa nyumba ya Tominaga wangeleta zawadi za posa: ngisi mkavu, mwani, pombe, pepeo la kukunja, vyote vimefungwa kwa kamba za dhahabu. Zikishawekwa mbele ya baba yake, imekwisha. Katika ukoo wao wa Hayase hakuna binti aliyewahi kumrudisha ngisi alikotoka.

Basi akapanda ngazi. Alipanda polepole, moyo ukimdunda, na ndani kabisa ya moyo huo, mahali ambapo hata yeye hakutaka kuchungulia, alikuwa akifurahi.

Naye alikuwepo. Amesimama nyuma ya kaunta, anakausha kikombe kwa kitambaa cheupe, mikono ya shati ameikunja. Ryuhei Kuwata, ambaye wateja wote walimwita Masta, kama wanavyoitwa wenye migahawa. Nywele za juu ya masikio zilikuwa zimeongezeka mvi tangu majira ya maua. Alimtazama Shinobu mara moja tu, akakishusha kikombe taratibu, akainama kuwakaribisha.

"Karibuni. Mvua imewapata."

"Imetupata na kututenda!" Shangazi akasema, akikung'uta mwavuli. "Tupe kahawa, baba, na kitu cha moto cha kula."

Wangekaa wapi, isipokuwa kwenye kaunta? Meza ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na mtu, daktari wa meno mstaafu aliyekuja kila siku kusikiliza huku amefumba macho. Shinobu akakaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa akikalia zamani. Hakukichagua. Alijikuta ameshakikalia.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, msomaji wangu, usije ukaachwa nyuma.

Baba yake Shinobu ni fundi wa shamisen, yale magambusi marefu ya nyuzi tatu, kama alivyokuwa babu na baba wa babu. Hana mtoto mwingine ila Shinobu. Kwa hiyo mwanamume atakayemwoa hatamchukua aende naye. Yeye ndiye atakayeingia nyumba ya Hayase, aache jina la ukoo wake, avae lao, na ajifunze kuwamba ngozi. Si kila mwanamume anayeliweza hilo. Wengine wangeona afadhali kunyolewa nywele kwa chupa.

Siku ya kwanza Shinobu aliingia hapa kwa bahati tu, akasikia muziki unanguruma, kila sauti ina mtetemo pembeni yake, zzz, zzz. Yeye, binti wa fundi, akamwambia mwenye mgahawa kwa adabu, "Samahani, Masta, spika yako imepasuka."

"Haijapasuka. Ni ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo wa Tanzania. Wanatoboa tundu kwenye ubao, wanalifunika kwa utando wa buibui, ili ingurume."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Bila mngurumo, wanasema, chombo kimekufa."

Shinobu alisisimkwa mwili. Maana kwao, kwenye uzi mnene wa shamisen, baba yake hukaa mchana kutwa akichonga shingo ya mti kidogo kidogo, ili uzi uuguse na kunguruma hivyo hivyo. Wanauita sawari, yaani mguso. Alidhani ni jambo la kwao peke yao, na kumbe kule upande wa pili wa dunia kuna mzee amekaa na utando wake wa buibui, anahangaikia kitu kile kile! Alirudi kesho yake. Akarudi tena. Miaka ile ilikuwa ya kaseti na santuri, na Ryuhei, aliyekuwa fundi wa matrekta huko Mpwapwa kwa muda mrefu, alikuwa amerudi na masanduku yaliyojaa zote mbili. Akamsikilizisha zeze, akamsikilizisha magitaa ya Kongo, akamsikilizisha ngoma za harusi alizozirekodi mwenyewe huku kuku wakilia nyuma. Shinobu alikuwa kama mtu aliyeishi na dirisha moja, akafunguliwa mengine.

Na mgahawa ule una sheria yake: santuri ikizunguka, hakuna kuzungumza. Watu huzungumza inapogeuzwa tu. Kwa hiyo mapenzi ya watu hawa wawili, kama yaliitwa mapenzi, yaliishi humo tu, katika muda wa kugeuza santuri. Hawakuwahi kushikana hata mkono. Shinobu hakuwahi hata kumwita jina; alimwita Masta, naye akamwita Bi Hayase.

Wateja walikuwa na mchezo wao pia. Kiswahili masikioni mwao kilifanana na lugha yao kwa vituko. Mwimbaji akiimba "mimi, mimi", wao husikia anayaita masikio, maana mimi kwao ni sikio. Akiimba "kesho", wanasikia vipodozi. Akisema "hana", wanasikia ua. Basi wanacheka mpaka machozi, na Ryuhei anacheka nao.

Ndipo siku moja, plamu zimechanua, Shinobu akakusanya roho yake yote. Santuri ilipokwisha akauliza, macho kwenye kikombe, "Masta, mtu kama wewe... unaweza kuingia nyumba ya watu? Ukachukua jina la mke?"

Ryuhei akageuka. Masikio yalimwiva. Akaenda rafuni, akatoa kisanturi kimoja kidogo cha bendi ya zamani ya Tanga, akakiweka. Na mwimbaji akaanza: uso, uso, uso...

Wewe umeshacheka, maana unajua uso ni nini. Shinobu hakujua. Kwao uso ni uongo. Ndilo neno wanalomrushia mtu aliyesema jambo lisiloingia akilini: uso! Acha uongo wako! Shinobu akamtazama Ryuhei, akamwona anatabasamu, akajua amefanyiwa ule mchezo. Ameuliza la moyoni, amejibiwa kwa mzaha: uongo, uongo, uongo. Akakiweka kikombe, akatoka. Mwezi uliofuata, Shangazi Toyoko alipokuja na picha ya kijana wa Tominaga, Shinobu alisema, "Sawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa turudi kwenye kaunta.

"Mgahawa mzuri," Shangazi alikuwa akisema, akizungusha macho. "Una mke?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu. Kazi yangu ni hiyo. Eh, baba?"

"Nilikuwa naye," Ryuhei akasema, akimwaga maji ya moto juu ya kahawa. "Nilikwenda Afrika, yeye hakutaka kunifuata. Niliporudi, alikuwa ameshaendelea na maisha yake. Simlaumu."

"Umesikia, Shinobu? Ndiyo maana nasema, mwanamume lazima umchunguze kwanza. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, baba. Jumapili zinakuja zawadi za posa."

Birika lilisimama hewani. Kidogo tu; Shangazi hakuona. Shinobu aliona, na alitamani ardhi ipasuke.

"Hongera, Bi Hayase," Ryuhei akasema.

"Asante, Masta."

"Ni mtu mwema?"

"Ni mtu mwema." Na ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kijana wa Tominaga alikuwa mpole, hanywi, ameshaahidi kuchukua jina na kuanza kujifunza kazi mwaka mpya. Shinobu alikuwa amemtafuta kosa hata la kusingizia, akalikosa.

"Mwema kupita kiasi!" Shangazi akadakia. "Kaka yangu amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki."

Ryuhei akawawekea vikombe. Mkono wake ulipita karibu na wa Shinobu, karibu kiasi cha kusikia joto lake, na Shinobu akauondoa wake akauweka mapajani. Alikuwa anataka kulia. Miezi yote hii alijiambia kwamba anamchukia, na sasa amekaa karibu na mikono ile yenye makovu ya spana, na chuki yenyewe haionekani ilipo.

"Ngoja niwawekee kitu," Ryuhei akasema kwa sauti ya chini. "Kwa ajili ya Jumapili."

Akaenda rafuni. Shinobu alijua kabla hajarudi. Aliijua ile karatasi iliyochakaa, aliijua mikono inavyoishika. Hawezi, alijisemea, hawezi kunifanyia tena, na mbele ya shangazi yangu.

Sindano ikashuka. Gitaa likaanza, jepesi, la kubembeleza, kisha la pili likaingia chini yake, kisha saksafoni. Kisha sauti ya mwanamume.

Uso, uso, uso...

Shinobu akafumba macho.

Sasa Shangazi Toyoko hakuwahi kusikia muziki wa Afrika maishani mwake. Kwanza alikunja uso. Kisha kichwa kikaanza kwenda upande, kikarudi. Kisha kidole cha mguu ndani ya soksi nyeupe kikaanza kugonga ubao wa kaunta.

"Wee! Mbona tamu hivi?"

"Sss!" Daktari wa meno akafumbua jicho moja.

"Sss mwenyewe! Nimesema tamu, sijatukana." Akamgeukia Ryuhei. "Lakini huyu baba anamwita nani mwongo? Uongo, uongo, uongo, tangu aanze! Amefanywa nini, maskini?"

Ryuhei akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha santuri inayozunguka. Shangazi akanyamaza, kwa shida kubwa. Wote wakasikiliza mpaka mwisho, na mwisho huo kwa Shinobu ulichelewa kama daktari anayesubiriwa na mgonjwa. Sindano ikainuka.

"Si mwongo, mama," Ryuhei akasema. "Kwa Kiswahili hilo neno si uongo."

"Ni nini basi?"

Ryuhei akajishika shavu. Akauzungusha mkono taratibu mbele ya macho yake, pua yake, mdomo wake. "Ni hii. Sura ya mtu."

Shinobu alifumbua macho.

"Sura?" Shangazi akasema. "Kumbe! Sura, sura, sura. Sura ya nani?"

"Ya mwanamke anayempenda. Anamwambia, uso wako ndio kwetu. Kwetu maana yake nyumbani, mahali mtu anaporudi. Yaani sina kwingine, nikikuona wewe nimefika."

"Alaa! Na pale wanapoitikia wote?"

Ryuhei alikuwa akiitazama santuri, hakumtazama mtu. "Niite jina utakalo, nitaitika."

"Jina lolote? Hata jina la ukoo wa mke?" Shangazi akauliza.

"Hata hilo."

Mvua ilikuwa ikipiga dirisha. Shinobu alisikia sauti inatoka, akatambua ni yake.

"Nilidhani unanicheka."

Ryuhei akageuka.

"Nilikuuliza," Shinobu akasema, na sasa machozi yalikuwa yanakuja na hakuyazuia, "nilikuuliza jambo ambalo mwanamke hamuulizi mwanamume, ukanipigia uongo, uongo, uongo. Ukatabasamu!"

"Nilikuwa naona haya!"

"Ningejuaje?"

"Nilidhani umeelewa. Ulisimama, ukatoka bila kusema neno. Nikasema, basi, ndilo jibu lake. Jibu langu hakulitaka."

"Ningeelewaje, Masta? Mimi nakijua Kiswahili? Kwa nini hukusema kwa mdomo wako?"

"Siwezi." Alilisema kwa uchungu, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Baba yangu hakuwahi kumwambia mama yangu neno kama hilo. Mimi sikumwambia mke wangu. Sijui linasemwaje kwa lugha yetu, linanikwama hapa. Nilijifunza kule, ukubwani, na kwa lugha yao tu. Kwa hiyo nilikupa kwa lugha yao."

Shinobu akajifunika uso kwa mikono miwili. Miezi yote ile! Amelala na hasira, ameamka na hasira, amekubali kuolewa kwa hasira, na jibu aliloliomba alikuwa amepewa siku ile ile.

"Ngoja kwanza," Shangazi Toyoko akasema. "Ngoja, ngoja, ngoja. Nyinyi mnajuana?"

Shinobu akainamisha kichwa.

"Ooh, mama yangu!" Akakisukuma kikombe. "Nimemleta mwenyewe! Kwa miguu yangu mwenyewe nimempandisha ngazi! Shinobu, inuka twende."

"Shangazi, naomba kidogo."

"Kidogo cha nini? Zawadi zimeshafungwa! Kijana wa watu ameshanyoa, ameshashonewa! Na wewe, baba wewe, una nini cha kumpa? Mtu uliyeachana na mke, fundi wa matrekta! Kaka yangu atakutoa mbio na kisu cha kuchongea."

"Najua," Ryuhei akasema.

"Nyumba ya Hayase wanawamba ngozi kwa ukimya. Hizi ngoma zako hazitaingia. Mgahawa utafunga. Kwa umri huo utakaa chini na wanagenzi uanze kufagia vumbi la mbao!"

"Najua, mama. Yote nimeshayafikiria. Niliyafikiria kabla sijaiweka ile santuri mara ya kwanza."

Shangazi akakivuta tena kikombe alichokisukuma.

Ryuhei akakikunja kile kitambaa cheupe, akakiweka. "Lakini sitavunja posa ya mtu. Sitakuja mlangoni kwenu kupiga kelele, wala sitamwandama Bi Hayase njiani. Jibu langu nililitoa. Nilisema nitaitika." Kisha akamtazama Shinobu, moja kwa moja, kwa macho ambayo hayakuwa na mzaha hata chembe. "Hakuna aliyeniita."

Maskini Shinobu! Aliona kila kitu kwa mpigo. Alimwona baba yake, mgongo umeinama juu ya ngozi, ambaye kwa mara ya kwanza analala. Alimwona yule kijana mwema wa Tominaga, ambaye hakumkosea mtu. Aliziona aibu zitakazoingia kwa mlango wa mbele na kukaa sebuleni miaka. Na akajiona mwenyewe, Jumatatu, Jumanne, mwaka ujao, na mwingine, akizunguka mitaa miwili ili asipite chini ya dirisha hili. Akajua hawezi. Si kwamba hataki, hawezi.

"Shinobu," Shangazi akasema kwa sauti ndogo, akimshika mkono wa nguo. "Mwanangu, fikiri. Neno likitoka halirudi."

Shinobu alisimama. Alijifuta machozi kwa kiganja, kama mtoto. Jina lenyewe hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake chumbani, kwa kuogopa litakavyomfanya. Alilitamka sasa, lote, na mbele yake akaliweka jina la ukoo wa baba yake.

"Hayase Ryuhei."

Shangazi Toyoko akauachia mkono wa nguo.

Ryuhei alitoka nyuma ya kaunta. Alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo, kimoja, na cha pili. Akasimama mbele ya Shinobu, akainama chini kabisa, kama anavyoinama mtu anayeingia nyumba ya watu siku ya kwanza na hana nia ya kutoka.

"Naam," akaitika.

Shinobu alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya shangazi yake na mbele ya daktari wa meno aliyekuwa sasa amefumbua macho yote mawili, na hakuona haya ya mtu yeyote.

Shangazi Toyoko aliwatazama, huyu, kisha yule. Akashusha pumzi ndefu. Akachukua mwavuli wake.

"Haya, vaa koti," alimwambia Shinobu. "Twende tukamwambie baba yako kabla hajala. Akishiba huwa mkali zaidi."